Fila ya mwaka juzi imeniamkia leo

Wapendwa wangu wa huko nyumbani, hamjambo? Leo sijapaka chochote usoni, mniwie radhi. Ngoja nisogeze kamera. Mnakaona haka ka uvimbe kwenye shavu la kushoto? Kadogo kama ushanga, ila nikikagusa naruka. Hapo nilichomwa fila, ile sindano ya kujazia uso, mwaka juzi. Siku ile mambo yalikwenda salama, nikawaringia humu humu, mnakumbuka.

Kumbe sindano inaweza kukudai baadaye. Bakteria wachache wa kwenye ngozi wakiingia nayo, wanajifunika utando wa ute juu ya ile fila, wanatulia humo miezi, hata miaka, na antibayotiki hazipenyi vizuri. Halafu siku unaumwa mafua makali au unatibiwa jino, uso unafura. Mimi lilikuwa jino. Tena si kila uvimbe una wadudu, mara nyingine ni kinga ya mwili imeshtuka tu: katika majaribio ya chanjo ya korona ya Moderna mwaka 2020, watu 3 wenye fila walivimba uso au midomo baada ya kuchanjwa, kisha wakapona.

Daktari akaniuliza, "Ulichomwa kitu gani?" Nikabaki namtazama. Sina jina, sina namba ya toleo, sina hata karatasi. Na jibu ndilo linaloamua matibabu, maana fila ya asidi ya hayaluroniki huyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi. Silikoni ya maji haiyeyuki. Inaweza kuhama mahali, na kuitoa ni kisu na makovu. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijawahi kuiruhusu kwa kujazia uso wala makalio, lakini wapo wanaoichoma sebuleni na kuiita fila.

Jamani, kakitokea kauvimbe, usikaminye, na usikubali uongezewe sindano eti ya kusawazisha. Ila ukichomwa ngozi ikapauka, maumivu yakawa makali au jicho likaingia giza, huo ni mshipa wa damu umeziba. Kimbia hospitali dakika hiyo hiyo, usingoje kesho, jicho halirudi.

Mimi sasa namaliza dozi kwanza, maambukizi yatulie, ndipo daktari aangalie kama hiyo fila itayeyuka. Yule aliyenichoma nimempigia mara tatu nimuulize ilikuwa dawa gani. Namba haipatikani.