Pesa Zinazokatwa Kabla Hatujazishika

Ndugu zangu wafanyakazi, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja jioni hii mkitoka moja kwa moja kazini. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeandaa mishahara ya watu, na kila mwisho wa mwezi swali ni lile lile: "Mbona zimepungua?" Leo tutalijibu kwa hesabu. Kisha tutauliza la pili, linalouma zaidi: zikishakatwa zinakwenda wapi?

Tumchukue Mkenya mmoja anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 6, yaani 3,600, na mwajiri anaongeza 3,600 nyingine zake. Bima ya afya, SHIF, ni asilimia 2.75 ya mshahara wote: 1,650. Ushuru wa nyumba, ule wa kujengea nyumba za bei nafuu, ni asilimia 1.5: shilingi 900, na mwajiri naye analipa 900. Makato haya matatu ni 6,150. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 sheria inataka yote matatu yatolewe kabla ya PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kupigiwa hesabu. Kabla ya hapo NSSF peke yake ndiyo iliyotangulia kutolewa. Ushuru wa nyumba na SHIF ulikatwa, halafu ukatozwa kodi juu ya pesa zile zile ambazo zimeshaondoka. Wafanyakazi walilalamika, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo PAYE haitazami 60,000. Inatazama 53,850.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hivyo tusiharakishe. Viwango vya PAYE ni kama madumu yaliyopangwa foleni kwenye mfereji: la kwanza likijaa ndipo la pili linaanza kupokea, na maji yaliyomo katika la kwanza hayaguswi tena. Dumu la kwanza ni shilingi 24,000, linatozwa asilimia 10. La pili ni 8,333 zinazofuata, asilimia 25. La tatu linatoka hapo hadi 500,000, asilimia 30. Juu yake kuna asilimia 32.5 hadi 800,000, na zaidi ya hapo asilimia 35. Wengi wetu katika ukumbi huu safari yetu inaishia dumu la tatu.

Mwenzetu basi analipa 2,400 katika la kwanza, 2,083 katika la pili, na 6,455 kwa shilingi 21,517 zilizobaki. Jumla ni 10,938. Toa nafuu ya kibinafsi ya 2,400 ambayo kila mlipa kodi anapewa kila mwezi. PAYE yake ni 8,538. Ukiijumlisha na yale makato matatu, zimekwenda 14,688, na mkononi anapokea 45,311 na senti zake.

Sasa mtu akikwambia usikubali kupandishwa cheo kwa sababu "kodi itakumeza mshahara wote", mwonyeshe madumu. Kiwango kikubwa kinagusa nyongeza tu, hakirudi nyuma. Lakini nisiwafiche upande wa pili. Mwenzetu huyu akiongezwa shilingi 1,000, NSSF, SHIF na nyumba vinachukua 102 na nusu, PAYE inachukua 269, na zinazofika nyumbani ni 628. Akienda nazo dukani, bidhaa nyingi atakazonunua tayari zina VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Mtu anayesema maisha yamembana hasemi uongo.

Kuna mambo mawili ya kukagua kabla hatujafika serikalini. Mwajiri anakata kwa niaba ya serikali. Pesa hizo si zake hata kwa siku moja, na PAYE anapaswa kuifikisha KRA, mamlaka ya kukusanya kodi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wako waajiri wanaokata na kuzikalia. Nimekutana na mzee aliyestaafu akakuta miaka kadhaa ya NSSF yake haipo, ilhali kila hati ya mshahara aliyoihifadhi inaonyesha alikatwa. Hati hizo ndizo zilizokuwa ushahidi wake. Kwa hiyo tazama taarifa yako ya NSSF mara kwa mara, wala usingoje uzeeni.

La pili ni P9, ile fomu ya mwaka mzima unayopewa na mwajiri ili ujaze ritani yako, ile taarifa ya kodi ya mwaka, kufikia Juni 30. Ilinganishe na hati zako mwezi kwa mwezi. Ukiwa na ajira mbili, kila mwajiri huenda amekupa nafuu ya 2,400, na sheria inakuruhusu moja tu. Deni hilo litakungoja kwenye iTax, mtandao wa KRA wa kujazia ritani. Ukiwa una bima ya maisha au ya elimu ya watoto, unastahili nafuu ya asilimia 15 ya malipo yako, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Wengi hawaidai kwa sababu hakuna aliyewaambia. Sheria ya Fedha ya 2025 imemtaka mwajiri azitumie nafuu zote anapopiga hesabu, lakini hawezi kuijua bima ambayo hujampelekea karatasi zake.

Haya, tuje kwenye uchungu wenyewe.

Wakenya walio kwenye ajira rasmi ni kama milioni 3 tu katika taifa la watu zaidi ya milioni 50, na PAYE ni mojawapo ya vyanzo vikubwa zaidi vya mapato ya KRA. Mfanyabiashara hupata pesa kwanza, akatumia, kisha akahesabu anachodaiwa. Sisi tunakatwa kabla hatujazishika. Kodi yetu haichelewi, haina mashauriano, haijui kwamba mwezi huu kuna karo. Ndiyo maana mwalimu akisoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu mamilioni yasiyo na stakabadhi, anakasirika kwa namna ambayo si rahisi kumweleza mtu asiyewahi kukatwa.

Wapo wanaotuambia kodi yote ni wizi. Sikubaliani nao. Nimelazwa hospitali ya umma, wanangu wamesoma shule za umma. Lakini sikubaliani pia na kiongozi anayetuambia tuvumilie ilhali yeye havumilii chochote. Hasira ya mlipa kodi ni haki yake. Ninachoomba ni tujue tunaipeleka mlango gani.

NSSF ni akiba yako. Hasira yake inahusu jinsi inavyowekezwa na kama inafika. SHIF ni mfuko wa matibabu. Ukifika hospitali na kuambiwa haijalipa, hapo dai ni kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Ushuru wa nyumba una sheria yake ya Machi 2024, iliyokuja baada ya Mahakama Kuu kusema, Novemba 2023, kwamba ule wa mwanzo ulikiuka Katiba. Swali lake ni nyumba ngapi zimekamilika na nani amepata funguo.

PAYE ndiyo inayoingia kwenye mfuko mkuu wa taifa, na humo mpokeaji mkubwa kuliko wote ni deni. Katika miaka ya karibuni, zaidi ya nusu ya kodi inayokusanywa imekwenda kulipa madeni na riba. Mwaka 2014 Kenya ilianza kukopa kwa hatifungani za kimataifa, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji wa nje, na dola bilioni 2 katika mikopo ya mwaka ule, kwa riba ya asilimia 6.875, zikafikia siku ya kulipwa Juni 2024. Ili kuzilipa, serikali ilikopa tena dola bilioni 1.5 mnamo Februari 2024, safari hii kwa asilimia 9.75. Mwenzetu anayekatwa 8,538 leo analipia maamuzi yaliyofanywa zaidi ya miaka kumi iliyopita na watu ambao wengine hawako tena ofisini. Hili halisemwi vya kutosha. Tunapiga kelele kuhusu magari ya kifahari na safari, na ni sawa kupiga kelele, lakini mkopo mmoja mbaya unakula kuliko safari za miaka mingi.

Juni 2024 mnaikumbuka. Mswada wa Fedha ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Vijana walijaa barabarani, na tarehe 25, wabunge 195 walipoupitisha dhidi ya 106, watu waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais alitangaza hatautia sahihi. Julai akasema mashirika 47 ya umma yatavunjwa na bajeti ya ofisi ya Mama wa Taifa iondolewe. Nalitaja hili kwa heshima kwa waliokufa. Walionyesha kwamba pale serikali ilipodai haina pa kupunguza, palikuwepo.

Lakini tazameni kalenda. Juni ni mwisho wa bajeti, si mwanzo. Taarifa ya Sera ya Bajeti inafika Bungeni kufikia Februari 15, na humo ndimo viwango vya matumizi ya kila wizara vinapopendekezwa. Makadirio yenyewe yanafika kufikia Aprili 30. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe, na kamati za Bunge hutangaza vikao vya kusikiliza maoni, mara nyingi kwa tangazo dogo la gazeti ambalo hakuna mfanyakazi anayelisoma. Vyama vyetu vina makarani na mawakili. Hiyo ndiyo kazi yao. Nataka kila chama kilicho hapa kipeleke maandishi mwezi wa Februari, kikitaja wizara, fungu na kiasi. Maandishi ya kulalamika kwa jumla huwekwa kando.

Mkaguzi Mkuu anapaswa kutoa ripoti zake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge lina miezi mitatu ya kuzijadili. Muulizeni seneta wenu ripoti ya kaunti hii ilijadiliwa lini. Na Kifungu cha 226 kinasema afisa wa umma anayeidhinisha pesa zitumike kinyume cha sheria anawajibika kuzirudisha, hata akiwa ameondoka ofisini. Kwa hivyo barua ya Februari itaje pia hilo, kwa kila shaka iliyotajwa na mkaguzi: afisa gani alitia sahihi, na amerudisha kiasi gani.