Spika Iliyochanika

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Mwenyeji wetu amenitambulisha kwenu kama mwanzilishi wa muziki wa roki Dar es Salaam, na nimeona wazee wawili hapo mbele wakitazamana. Wana haki ya kutazamana. Hilo la uanzilishi nitalirudia baadaye, maana liliwahi kunitia aibu mbele za watu. Kwanza naomba mtazame hiki nilichokiweka mezani.

Ni spika ya inchi 12. Imechanika hapa, kuanzia karibu na katikati hadi ukingoni, urefu wa kidole changu. Haya madoa ya manjano ni gundi ya fundi redio, na hiki kipande kilichobanduka ni karatasi ya daftari la shule. Ukiisogeza kwenye mwanga unaona bado mistari ya daftari. Bendi yetu ilizaliwa na kitu hiki. Mimi na wenzangu watatu tulifuata tu.

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 21, nakaa Ilala kwa mjomba wangu. Mjomba alikuwa mpiga ridhimu, yaani gitaa la kusindikiza, wa muziki wa dansi, katika bendi za wilayani ambazo leo nikizitaja wengi wenu hamtazijua. Ndiye aliyenifundisha gitaa. Ufundishaji wake ulikuwa wa mateso kidogo. Mwaka mzima alinipigisha ridhimu tu, nikigusa solo ananipiga kofi la mkono. Akisema, "Mpwa wangu, solo ni mgeni, ridhimu ndiyo mwenye nyumba." Na alitaka kila noti isikike peke yake, safi, kama tone linaloanguka kwenye ndoo.

Nyuzi zilikuwa shida. Uzi wa kwanza ndio unaokatika mara kwa mara, na nyuzi za dukani zilikuwa ghali kwetu. Kwa hiyo tulikwenda kwa fundi baiskeli. Unachukua waya wa breki uliochakaa, unauchambua uzi mmoja mmoja, unachagua ule ulionyooka. Kisha unachomoa kile kijipete cha mwisho kwenye uzi wa gitaa uliokatika, unafungia hapo waya wako wa breki, unaukaza taratibu huku umegeuza uso pembeni, kwa sababu ukikatika unaruka machoni. Sauti yake ni kali, ina chuma ndani. Na vidole vinalia.

Sasa roki tuliijuaje? Wengine watawaambia redio, wengine televisheni, kwa kuwa bara tulianza kupata televisheni mwaka 1994. Kwetu ilianza na mitumba. Nenda Mchikichini, soko la Karume, utakuta rundo la fulana nyeusi zenye mafuvu, radi na maandishi yaliyochongoka kama miiba. Watu walizivaa kwenda nazo shambani, kwenye ufundi magari, hata kanisani. Mimi na rafiki yangu mmoja tulikuwa tunasoma majina yale mgongoni mwa watu kwenye daladala, tunayaandika, halafu tunakwenda Kariakoo kwa wauza kanda kuwauliza kama wanayo. Mara nyingi hawana. Mara moja moja anatokea mtu ana kanda aliyoletewa na ndugu yake baharia, anakurekodia. Kwa hiyo sisi tulizijua bendi kwa fulana kabla hatujazisikia, na kuna moja tuliipenda mno kwa fulana tu. Tulipokuja kuisikia tukakuta ni watu wa nyimbo laini za mapenzi. Sikuwahi kupata mshituko kama ule.

Tukawa wanne. Mpiga besi alitoka kwaya ya kanisa, mpiga dramu alikuwa fundi bati Gerezani, ungetarajia nini. Mwimbaji alikuwa mwimbaji kwa sababu hakuwa na kifaa. Jina la bendi tulibadilisha mara tatu, na hakuna hata moja la kutamkwa mbele ya watu wenye heshima zao.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mjomba alikuwa na boksi lake la zamani la amplifaya, tukaliazima bila kumwambia, tukalipakia kwenye mkokoteni kutoka Ilala kwenda Magomeni, kulikokuwa na ua wa kufanyia mazoezi. Mvua imenyesha. Karibu na Ilala Boma gurudumu likaingia shimoni, boksi likaanguka kifudifudi juu ya rundo la nondo zilizokuwa kando ya barabara. Tulipoliinua, karatasi ya spika ilikuwa imechanika kama mnavyoiona. Tukaipeleka kwa fundi redio Kariakoo. Akaitazama, akatutazama, akabandika kipande cha daftari, akapokea hela, akasema, "Msifungulie sana." Tulifungulia sana. Gundi ikaachia.

Sauti iliyotoka pale siwezi kuieleza vizuri hata leo. Gitaa lile lililokuwa linadondoka matone likanguruma. Nilipiga noti mbili tu nikaacha mkono umeshika nyuzi, na sauti ikaendelea kusimama pale uani, haitaki kufa. Kuku wa jirani walipanda ukuta. Mpiga dramu alicheka mpaka akakaa chini. Nikawaambia, ndiyo yenyewe, ndiyo ile ya kwenye kanda.

Baada ya miaka mingi nikaja kusoma kwamba hatukuwa wajinga wa kwanza. Mmarekani Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli akitafuta ukali, na rekodi yake ikatoka mwaka 1958. Uingereza mwaka 1964 kijana Dave Davies wa The Kinks aliichana spika yake kwa wembe. Yaani wenzetu walichana kwa makusudi, sisi tulichaniwa na shimo la barabara, tukakutana njia moja. Na yule Tony Iommi wa Black Sabbath, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili, vya mkono ule ule anaobania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea ncha za bandia, akafunga nyuzi nyembamba za banjo, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimuumize. Ule uzito unaousikia kwenye muziki wake umetoka hapo. Nilipoisoma habari hiyo nilitazama vidole vyangu na waya wa breki, nikajisikia nina ndugu Birmingham.

Niwaeleze kinachotokea, kwa sababu kijana mmoja aliniuliza mlangoni. Amplifaya ina kikomo. Wimbi la sauti likija kubwa kupita kikomo, linakatwa kichwa. Pale linapokatwa zinazaliwa sauti nyingine nyingi za juu ambazo wewe hukuzipiga. Ndiyo huo mkwaruzo. Spika iliyochanika inafanya fujo ya namna yake, lakini ukoo ni mmoja. Sasa, mliopitia kwaya mnajua do, mi, so. Ukizipiga zote tatu kwenye mkwaruzo, kila moja inazaa watoto wake, na watoto wa mi wanagombana na watoto wa wenzake. Inakuwa uji. Kwa hiyo mpiga roki anashika do na so, mi anaiacha nje. Mpiga besi wetu wa kwaya ndiye aliyeligundua hilo, kwa sikio tu, akasema, "Toa mi, inatuharibia."

Mjomba alikuja uani siku ya tatu. Alikuwa ameambiwa. Nilitegemea matusi kwa ajili ya spika, lakini alisimama akasikiliza wimbo mzima, mikono nyuma. Akasema, "Ngoma ikilia sana hupasuka. Yenu imeanza kupasuka ndipo ikalia." Kisha akanieleza jambo ambalo niliona ni uzee, na leo naona alikuwa sahihi kabisa. Dansi lina magitaa matatu au manne: solo, solo la pili, ridhimu, besi. Kila moja lina chumba chake, na utamu uko kwenye zile nafasi kati yao. Sikilizeni Msondo, sikilizeni Sikinde, sikilizeni Mbaraka Mwinshehe anavyowaachia wenzake njia. Gitaa lenye mkwaruzo halikai chumba kimoja, linajaza nyumba. Mjomba akauliza, "Mwenzako atakaa wapi?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana kila tulipojaribu kuongeza gitaa la pili tuligombana.

Onyesho letu la kwanza lilikuwa kwenye sherehe ya kipaimara, Magomeni, kwa sababu baba wa mtoto alikuwa rafiki wa fundi bati wetu na alitaka vyombo vya bure. Tulipiga nyimbo mbili nzima. Ukumbi kimya. Watu wanakula pilau, wanatutazama kwa upole. Tulipomaliza wa pili, mama mmoja wa kamati alikuja jukwaani akaniinamia sikioni: "Mwanangu, fundi bado anajaribu vyombo? Mkishamaliza kujaribu mtuambie, mtoto anataka kukata keki."

Mnacheka. Sisi tulikunja nyaya.

Sasa lile la uanzilishi. Mwaka 2000 na kitu nilialikwa kuzungumza kama leo, nikasimama nikajitapa kwamba kabla yetu jiji hili halikuwahi kusikia gitaa likinguruma. Mzee mmoja akanyanyua mkono. Akasema, "Kijana, wewe Sunburst huwajui?" Siwajui. Akanieleza ukumbi mzima ukisikiliza. Sunburst walianza hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1970, magitaa ya umeme, roki iliyochanganywa na ngoma za Kiafrika, na mwaka 1976 wakatoa santuri iitwayo Ave Africa. Santuri hiyo hiyo Waingereza wameitoa upya mwaka 2016, miaka 40 baada ya kutoka. Na bendi yao ilianza muda mfupi tu baada ya Novemba 1969, serikali ilipopiga marufuku muziki wa soul katika jiji hili. Upande wa Zambia ndiyo usiseme, vijana wa bendi ya WITCH walikuwa wanawasha moto wakati mimi nanyonya. Tangu siku ile, mtu akiniita mwanzilishi namwelekeza kwa mzee yule. Ndiyo, na Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946, mtaniuliza tu, kila mwaka naulizwa. Alizaliwa huko. Tuendelee.

Kilichonikaa moyoni zaidi nilikipata Bagamoyo, kwenye tamasha. Alikuwepo mzee wa Kigogo anapiga ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, nikakaa karibu yake kabisa. Kila akibonyeza kijiti cha chuma, nyuma ya noti kuna mvumo, kama nyuki ndani ya kopo. Nikadhani ilimba yake mbovu. Akaigeuza akanionyesha tundu, limezibwa kwa utando mweupe mwembamba. Ni utando wa buibui. Hewa ikitikisika utando unatetemeka, sauti inakwaruza. Nikamwuliza, ukiutoa je? Akautazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anatia chumvi. Akasema, "Itasema. Lakini haitalia." Nilirudi Dar kwa daladala nikiwaza miaka yote tuliyoambiwa tunapiga kelele za Wazungu.

Bendi ilikufa bila ugomvi. Mpiga dramu alipata kazi ya bati Mwanza, mwimbaji akahamia kwenye kurapu, akafanya vizuri kuliko sisi. Mpiga besi amerudi kwaya, na bado anatoa mi pale isipotakiwa, mwalimu wake analalamika. Mjomba alifariki mwaka 2009. Hakuwahi kunidai spika.

Kijana wa mitambo, naomba nichomekee huo waya hapo. Hapana, usipunguze, acha hivyo hivyo. Ahsante. Na mama aliyekaa pale mlangoni, nakuona umeshika masikio. Naomba nikueleweshe mapema: sijaribu vyombo. Nimeshaanza.