Mshusheni Mtoto kwenye Gari

(Mhadhara kwa wazazi na vijana wanaoongoza wageni, Moshi, kuelekea likizo ya Desemba)

Bwana mwenyekiti, wazazi wenzangu, na ninyi vijana wa kampuni za utalii mliojaza viti vya nyuma. Wakubwa, shikamooni.

Nimepewa mada ndefu: vivutio kwa familia na burudani za kijasiri kwa wageni. Nitaikata iwe fupi. Siku ya matembezi ya familia inanoga pale mtoto aliposhuka kwenye gari akafanya jambo kwa miguu na mikono yake. Asiposhuka, mmelipia usingizi wake.

Tunajua Desemba ilivyo hapa. Mabasi kutoka Dar yanajaa, barabara ya kupanda Marangu inapata foleni, watoto wa mjini wanawasili kwa babu na bibi, na wengine wanatoka mbali zaidi, Ulaya na Marekani, hata Kichaga hawakijui. Siku mbili za mwanzo ni shangwe na nyama. Siku ya tatu wote wameinamia simu, na baba anauliza, "Tuwapeleke wapi?" Jibu analopewa mara nyingi ni kukodi gari la kufunguka juu, kuamka saa 10 usiku, kwenda kuona simba.

Sina ugomvi na simba. Ila ile safari ya gari ilipangwa kwa ajili ya mtu mzima aliyetoka mbali, mwenye kamera na subira. Mtoto wa miaka 7 ana hesabu yake: kwa tembo wa kwanza anapiga kelele, kwa tembo wa kumi anauliza choo kiko wapi, na kabla ya saa 6 mchana amelala mdomo wazi begani kwa shangazi. Na kumshusha huwezi. Serengeti, au chini kwenye kreta ya Ngorongoro, unashuka sehemu zilizoruhusiwa tu, na sheria hiyo ni ya haki kabisa, maana kwa simba mtoto anayekimbia ni windo. Kwa hiyo tutafute mahali ambapo sheria yenyewe inakuruhusu kutembea. Tunapo pengi, na pa karibu.

Nianze na Hifadhi ya Arusha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote kwa familia, na ndiyo inayopitwa kuliko zote. Magari yanaipita yakikimbilia Tarangire. Ilianza mwaka 1960 ikiwa na jina la kreta ya Ngurdoto, baadaye yakaongezwa maziwa ya Momella, na mwaka 1967 ukaingizwa mlima Meru. Simba hawaishi humo, na hilo ndilo linalowafanya watu waidharau, nami ndilo linalonifanya niisifu. Kwa sababu hiyo unaweza kutembea. Unapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa nyati wapo wengi, na nyati si wa kuchezewa. Mnaondoka geti la Momella kwa miguu, mnakatiza uwanda wenye twiga na ngiri, mnapanda hadi maporomoko ya Tululusia. Mtoto aliyewahi kumwona twiga kutoka dirishani hajamwona twiga. Akisimama chini, kimo chake mwenyewe kikimfikia mnyama magotini, ananyamaza bila kuambiwa.

Halafu kuna mitumbwi kwenye Momella Ndogo. Mnavaa jaketi okozi, mnapiga makasia taratibu, viboko wakiwa mbali na askari akijua walipo. Nendeni asubuhi, maana mchana upepo huinuka na mikono ya watoto huchoka. Maziwa yenyewe yana rangi tofauti, moja la kijani, jingine la buluu, ingawa yamekaa jirani. Kila moja lina madini yake na mwani wake. Yana magadi, ndiyo maana heroe, hawa flamingo tunaowajua wote, hujazana humo kula mwani wakati wao ukifika. Mtoto akiuliza yametoka wapi, mwelekezeni amwangalie Meru: upande mmoja wa mlima haupo. Maelfu ya miaka iliyopita ukuta wa mashariki ulibomoka, tope na mawe vikashuka uwandani, na maziwa yamekaa kwenye mabonde yaliyobaki kati ya marundo hayo. Hilo ni somo la jiografia la mwaka mzima, mmelipata kwa nusu saa, na hakuna aliyeshika daftari.

Nasikia mtu ananong'ona bei. Tuizungumze basi. Wageni wa nje wanalipa kwa dola, nyingi. Raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 analipa pungufu, wa chini ya miaka 5 halipi. Viwango hubadilika, kwa hiyo ulizeni kabla. Ninachowaombeni ni kubeba vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha yake tu kwenye simu mara nyingi inasaidia. Na msifike getini na noti mkononi: malipo ni kwa kontroo namba. Nimeona familia nzima imesimama juani, bando limeisha, mtandao unazunguka, watoto wanalia. Lipieni nyumbani usiku wa kuamkia safari.

Gharama kubwa kwa kweli ni gari, na hapo ndipo ninyi vijana wa nyuma mnaponikera kidogo. Mtu akija na watoto wanne mnamfungulia orodha ileile ya mgeni wa wiki nzima. Familia haihitaji gari la kufunguka juu ili kutembea kwa miguu! Noah inafika geti la Ngongongare, la Hifadhi ya Arusha, bila shida kiangazi. Mtengenezeeni siku ya bei ya Noah, aje tena Pasaka, aje na dada zake.

Sasa tusogee nyumbani. Chemka. Ukitoka Boma Ng'ombe unaingia vumbi, michongoma, mbuzi, mpaka abiria wanaanza kukushuku, kisha ghafla mikuyu mikubwa na chini yake bwawa la buluu unaloona mpaka mchanga wa chini. Wageni huandikiwa kuwa ni chemchemi za maji moto. Si moto, ni vuguvugu tu, na yanatoka chini ya miamba ya volkano yakiwa safi namna ile. Kuna kamba ya kubembea na kujitupa katikati, na samaki wadogo wanaodonoa miguu. Watoto huanza kwa kupiga mayowe kwa ajili ya samaki, na jioni mnawatoa kwa nguvu.

Lakini maji yanayoonekana hadi chini yanadanganya. Unaona mchanga, unadhani ni kiuno, kumbe yanakuzidi kimo. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi okozi, na mzazi awe ndani ya maji naye. Kukaa ukingoni ukiwa na simu ya kupiga picha si kumwangalia mtoto. Ile kamba ni ya wanaojua kuogelea, hata kama binamu ameshajitupa mara tano. Na nendeni siku ya kazi: Jumapili muziki na pombe vinachukua bwawa, na walevi hawajui wanarukia juu ya nani.

Materuni ni habari nyingine. Maporomoko yana urefu wa kama mita 80, na njia inapita katikati ya migomba, kando ya mifereji ya wazee wetu, siyo porini. Maji ni ya baridi ya kukata pumzi. Watu wazima huvutiwa na maporomoko. Watoto, niwaambie, huvutiwa na kahawa. Wenyeji wanawapa buni, wanakaanga, wanawapa mchi watwange kinuni kwa wimbo, na mtoto ambaye nyumbani haoshi kikombe anagombania zamu ya kutwanga. Kahawa yenyewe hawataki kuinywa, ni chungu. Hilo halina shida. Hapo mgeni kutoka Minnesota na mtoto wa Mbezi na mtoto wa Uru wanashika mchi mmoja. Njia ikilowa huteleza vibaya. Waje na raba zenye meno, sio ndala za bafuni.

Na mlima wenyewe, Kilimanjaro? Kila mtoto anayekuja kwa bibi anautazama na kutaka kuupanda. Kwa kilele, kanuni zinamtaka awe ametimiza miaka 10, na hata akitimiza mimi sishauri mpaka ameonyesha kwamba anapenda kutembea, kwa sababu kichwa kikianza kuuma kule juu hakuna maneno ya kumtia moyo. Dawa ni kushuka. Ila kuna safari ya siku moja ambayo watu wetu hawaijui: kutoka geti la Marangu, lililo kwenye mita kama 1,870, hadi kambi ya Mandara kwenye 2,720. Ni kama kilomita 8 kwenda, ndani ya msitu muda wote, mbega wakiruka juu na mikia yao mieupe. Ukiwa na vijana wa sekondari, wasogezeni dakika chache zaidi hadi kreta ya Maundi. Mwongozaji ni lazima. Wekeni saa ya kugeuza, na ikifika geuzeni, hata kama mmebakiza kona moja. Kuna baba mmoja kila mara anayesema "tumalizie tu." Kushuka gizani na mtoto aliyechoka ni kumbeba mgongoni, na baba huyo ndiye wa kwanza kulalamikia kiuno.

Hapa niruke mpaka kidogo, kwa sababu majirani zetu wa Kenya wanatufundisha mambo mawili, la furaha na la uchungu. Karibu na Naivasha iko hifadhi ya Hell's Gate, iliyotangazwa mwaka 1984, ya kilomita za mraba 68 tu. Humo unaingia na baiskeli. Unaikodi, unakanyaga kati ya pundamilia na swala, unapita kwenye mnara wa mwamba unaoitwa Fischer's Tower ambako watu hujifunza kupanda kwa kamba, pimbi wakiwachungulia. Familia za Nairobi huenda na kurudi siku hiyohiyo. Nataka sana tuwe na kitu kama kile, baiskeli na familia, na hatuna sababu ya kutokuwa nacho.

La uchungu ni korongo lake, Ol Njorowa. Ni jembamba, la kupendeza, kuta zimechongwa na maji. Kwa maji yaleyale, mwaka 2012 vijana wa kikundi cha kanisa walifagiliwa na mafuriko ya ghafla, na Septemba 2019 yakaua tena. Nisikilizeni vizuri, hasa mnaoongoza watu. Mafuriko ya korongo hayahitaji mvua inyeshe ulipo. Inanyesha juu, mbali, ardhi ngumu haifyonzi, maji yote yanatafuta ufa mmoja, na ninyi mko ndani ya ufa huo mkipiga picha. Kwa hiyo kabla ya kuingia korongo lolote au kusimama chini ya maporomoko yoyote, swali ni kama mawingu yako milimani. Maji yakibadilika rangi, yakaanza kuleta majani na vijiti, msijadiliane. Tokeni, pandeni juu. Na mwenyeji akisema leo hapafai, mlipeni hela yake ya siku na mkale nyama mahali pengine. Mwongozaji anayelipwa tu mkiingia atashawishika kuwaingiza.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, mnakijua. Mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, viazi vitamu, dumu la maji ya kutosha. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungeni kwenye makontena au vikapu. Kwenye sehemu za kupumzikia kima na nyani wanajua kufungua begi kuliko ninyi. Msiwarushie kitu. Nyani aliyezoeshwa ndizi na familia yenu leo atamng'ata mtoto wa familia ya kesho.

Na jambo moja ni moja kwa siku. Kuna ratiba nimeziona zimebandikwa: asubuhi Materuni, mchana Chemka, jioni Marangu. Mtoto wa ratiba hiyo ameona viti vya gari siku nzima. Chagueni kimoja mkae hadi mtoto mwenyewe aseme amechoka.

Kuna karatasi imefika mbele. Mama ameuliza: "Na bibi, ambaye hawezi kutembea, abaki nyumbani?" La hasha, mama. Gari linapata kazi yake kamili hapo. Mkienda Hifadhi ya Arusha, jigaweni. Wa miguu waanze na askari geti la Momella. Bibi akae kiti cha mbele, dereva ampandishe kwenye ukingo wa Ngurdoto. Kushuka ndani ya kreta hakuruhusiwi kwa yeyote, kwa hiyo hapo bibi hajapungukiwa kitu: anaona kilekile anachoona mwenye miguu mizuri. Pale Leitong, sehemu ya kutazamia mandhari ukingoni, mpeni kiti cha kukunja na blanketi, kuna ubaridi. Kisha dereva amzungushe taratibu kwenye maziwa, mkutane kwenye sehemu ya chakula saa 7 mchana. Saa mpatane kabla hamjaachana, maana simu huko si za kutegemea, na chakula kiwe kwenye gari la bibi.