Printa Imegoma? Anzia kwa Spula

Habari za asubuhi, karibuni tena. Leo niko steshenari hapa Arusha, jirani na soko la Kilombero, na wanafunzi wenye ripoti za fildi wameshajaa mlangoni. Ukibonyeza Print karatasi isitoke, wengi tunaivamia printa: tunaizima, tunaiwasha, tunachomoa waya. Mara nyingi printa haina kosa.

Word haiongei na printa moja kwa moja. Kazi inakabidhiwa kwanza kwa huduma inayokaa chinichini ndani ya Windows, jina lake Print Spooler. Mimi nitaiita spula. Hiyo ndiyo inapanga foleni, inaitumia draiva, yaani programu ndogo ya printa hiyo, kuugeuza ukurasa uwe katika lugha ambayo printa inaielewa, halafu inausukuma kupitia USB au mtandao. Tuishuhudie.

Natumia Windows 10. Fungua foleni ya printa yako, ingia menyu ya Printer, weka alama kwenye Pause Printing. Sasa tuma ukurasa mmoja kutoka Word. Karatasi haitoki, sawa kabisa. Nenda diski C, Windows, System32, spool, kisha PRINTERS. Ikiomba ruhusa, bonyeza Continue. Angalia hapo: mafaili mawili yenye jina moja, moja linaishia na SPL, jingine SHD. La SPL limebeba ukurasa wenyewe. La SHD lina maelezo ya kazi, nani katuma na iende printa ipi.

Sasa funga Word, ifunge kabisa. Rudi kwenye foleni, toa ile alama ya Pause Printing. Sikilizeni... karatasi hiyo inatoka, na Word haipo! Hapa ndipo penye siri yote, rudieni kipande hiki hata mara mbili.

Basi umeme ukikatika kazi ikiwa njiani, faili linaweza kubaki bovu ndani ya folda hiyo. Liko kwenye diski, kwa hiyo kuzima na kuwasha kompyuta hakuliondoi. Spula ikiamka inalikuta, inakwama nalo, na kazi zote za nyuma zinasubiri.

Kulisafisha, waulize kwanza wenzako. Kama printa mnachangia, utafuta na kazi zao, na kazi ya mteja si yako kuipoteza. Wakisharidhia, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, gonga Enter. Shuka hadi Print Spooler, bonyeza kulia, chagua Stop. Ukijaribu kuprinti muda huu, Word itadai hakuna printa, wakati unaiona mezani taa inawaka. Futa mafaili yaliyomo ndani ya PRINTERS, folda yenyewe usiiguse. Rudi kwa spula, bonyeza Start.

Wenye Linux na Mac, huduma yenu inaitwa CUPS, kwa kawaida inatumia poti, yaani mlango wa mawasiliano ya mtandao, namba 631. Mpangilio ni uleule.

Kabla hujafunga dirisha, bonyeza Print Spooler mara mbili. Startup type iwe Automatic. Ingia Recovery, kwenye First failure chagua Restart the Service, halafu Apply, OK. Hapo spula ikianguka, Windows itaiinua yenyewe. Sasa tuma ukurasa wa majaribio, kisha muite mteja wa kwanza.