Sio Ulemavu Unaowaua

Ndugu zangu wauguzi, matabibu na walezi, kuna dhana inayonisumbua sana: kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili akifa mapema, ulemavu ndio uliomuua. Mara nyingi sivyo. Huko England vilichunguzwa vifo 247 vya watu hawa, na ripoti ikatoka mwaka 2013. Wanaume walikufa takriban miaka 13 mapema kuliko wanaume wengine, wanawake miaka 20. Zaidi ya theluthi moja ya vifo vingeepukika kwa matibabu bora. Na hiyo ni nchi ambayo mgonjwa haulizwi pesa mlangoni.

Wanakufa na nini? Nimonia, hasa chakula kinapopenya hadi mapafuni. Kifafa kisichodhibitiwa. Na kufunga choo, ambako naomba tusikupite haraka. Mtu anayeshinda kitini, anayemeza dawa zinazopunguza mwendo wa utumbo, asiyeweza kusema tumbo linamuuma, utumbo unaweza kuziba akafa. Mlezi anayefuatilia choo chake kila siku anaokoa maisha, wala kazi hiyo si ya kuonewa haya.

Lakini kasoro kubwa iko kwetu. Mtu mzima aliyekuwa mtulivu anaanza kujipiga kichwa, nasi tunasema "ndivyo walivyo", tunamwandikia dawa ya kumtuliza. Jino halijatazamwa, sikio halijachunguzwa. Dawa yenyewe inaweza kumnenepesha, kumpandisha sukari, na kuzidi kumfunga choo. Mwaka 2015 ilikadiriwa kwamba England pekee watu wazima wenye ulemavu wa akili 30,000 hadi 35,000 walikuwa wakimeza dawa za magonjwa ya akili bila kuwa na ugonjwa unaozihitaji. Hilo linanikasirisha.

Mwenye hali ya Down, ambayo mtu huzaliwa nayo na huathiri akili, akianza kusahau na kuzubaa akiwa na miaka 40 na kitu, huenda ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, maana kwao huwahi. Huenda pia ni tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iliyodhoofika, na hiyo inatibika. Mpime kwanza.

Ninachoomba ni uchunguzi wa kila mwaka, hata kama mtu halalamiki, kwa sababu wengi hawana namna ya kulalamika. Mpe muda mrefu zaidi, maneno mepesi, picha. Zungumza na mgonjwa mwenyewe kwanza, ndipo umuulize anayeishi naye nini kimebadilika, na jibu hilo uliandike kwenye faili kama dalili. Wanawake nao wasirukwe kwenye uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kudhaniwa tu kwamba hawana wapenzi.