Ya Kutengeneza Itatoka Wapi?

Mabibi na mabwana, assalamu alaykum. Wengi wenu mshanisikia nikilisema hili. Nalisema tena kwa sababu nyumba za zamani za mtaa wa Buxton, hapa Mombasa, zishabomolewa, maghorofa yamesimama, na mjini bado tunaulizana vyumba vingapi, bei gani. Mimi nauliza: zikiharibika, pesa ya kutengeneza itatoka wapi?

Twendeni St. Louis, Marekani. Mtaa wa Pruitt-Igoe ulimalizika katikati ya miaka ya 1950: majengo 33 ya ghorofa 11, nyumba 2,870, mchoro wa Minoru Yamasaki. Watu waliotoka kwenye vibanda visivyo na choo cha ndani walipata maji ya mfereji na joto wakati wa baridi. Mwaka 1957 nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa na watu. Lakini serikali kuu ililipia ujenzi tu. Ukarabati ulitegemea kodi ya nyumba, na wapangaji walikuwa maskini. Mzee wa hapa pwani akijenga nyumba ya makuti anajua, hata hajahamia, kwamba paa litaezekwa upya. Wao walijenga mtaa mzima bila kuliwekea hilo fungu.

Chukueni lifti. Ili kubana gharama, zilisimama ghorofa moja katika kila tatu. Mama anashukia ya saba, ana mtoto mgongoni na mfuko wa chakula, kisha anashika ngazi kwenda kwake. Lifti ikiharibika, fundi analipwa kwa kodi. Mwenye uwezo anahama, na kodi yake anaondoka nayo. Fundi haji. Taa ya ngazi inaungua, haibadilishwi, wahuni wanakaa gizani, wengine wanahama. Waliobaki wanapandishiwa kodi! Mwaka 1969 waligoma kulipa kwa miezi tisa, na haki ilikuwa yao.

Najua kuna mtu ataniambia, "Mwalimu, wapangaji wenyewe ndio waliovunja." Vioo vilivunjwa, mabomba yakang'olewa, sikatai. Lakini hayo yalishika kasi majengo yalipoanza kubaki matupu. Mji wenyewe ulikuwa ukikimbiwa: zaidi ya watu 850,000 mwaka 1950, kama 622,000 mwaka 1970.

Mwingine atalaumu ghorofa. Nendeni Nyali, kwa wenye uwezo! Majengo marefu, lifti zinapanda na kushuka, kwa sababu kila mwezi wakazi wanatoa ada ya huduma. Maskini akae ghorofani bila fungu hilo, halafu tumwite mharibifu? Hapana, jamani.

Nilitaka kueleza ubaguzi, maana Pruitt ilikusudiwa Weusi na Igoe Weupe mpaka mahakama ikakataza. Na masharti ya misaada ya serikali kwa maskini, yaliyomzuia baba kukaa na wanawe. Muda hautoshi. Ubomoaji ulianza 1972, na kufikia 1976 hapakuwa na jengo.

Sasa sisi. Hapa Kenya mshahara unakatwa asilimia 1.5 ili nyumba zijengwe. Sawa. Lakini mtu aliyekaa nyumba za kaunsili Tudor au Changamwe anajua maji machafu yanavyofurika akaambiwa asubiri. Kwa hiyo mkiitwa kwenye kikao cha maoni ya wananchi, msishangilie picha ukutani. Ombeni hesabu ya mwaka wa kumi: lifti, pampu, paa, nani analipa, na akishindwa nani anashika. Wasipokuwa nayo, kataeni kikao kufungwa.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.