Gundi Dhaifu kwa Makusudi: Fidla na Kiangazi cha Dodoma

Mbukwenyi! Ndiyo salamu ya Kigogo. Mmeitikia vizuri, wazazi wangu, kwa hiyo hata ambao si wa hapa mmeshafundishwa. Nimeombwa nizungumze juu ya kujifunza fidla. Najua wengi mnangoja niinue upinde nionyeshe jinsi ya kuushika. Tutafika huko. Ila mimi nitaanza na gundi.

Fidla yangu ya kwanza niliinunua Unguja, kwa mzee aliyekuwa akiipigia taarab. Nikapanda nayo boti, kisha basi, nikaileta huku mwezi wa tano. Mwezi wa saba vigingi, vile vijiti vya kichwani vya kukazia nyuzi, vikaanza kuteleza: naweka sauti sawa, nakwenda kunywa chai, narudi nyuzi zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Mwezi wa nane nikasikia mlio mwingine, kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo, kila nikigusa uzi wa G. Nikagonga ukingo wa fidla taratibu kwa kifundo cha kidole, nikizunguka. Ko, ko, ko, halafu mahali pamoja, pwa. Ubao wa mbele ulikuwa umeachana na ubavu, upana wa vidole vitatu hivi.

Basi nikafanya ujinga. Nikanunua gundi nyeupe ya mbao, ile ya kuungia viti, nikapaka, nikafunga kwa mpira wa baiskeli usiku kucha. Ikashika barabara! Nikajiona fundi. Kiangazi kilichofuata ubao wenyewe ukapasuka, kuanzia ukingoni hadi kwenye tundu la kutokea sauti. Ufa huo ninao hadi leo; wa mbele mnauona.

Kilichotokea ni hiki. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ikiunywa hupanuka, ikiutoa husinyaa, na husinyaa upande wa upana wake. Kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ubao wa mbele wa fidla ni mti laini wa nchi za baridi, jamii ya misonobari, umechongwa mpaka ukabaki milimita 3 hivi. Ubavu na mgongo ni mti mgumu zaidi, mepo. Vipande hivi havisinyai sawasawa, na bado juu yake kuna nyuzi nne zinazovuta kwa nguvu ya kilo 20 na zaidi. Hewa ya Unguja imeshiba maji ya bahari. Hapa kwetu mvua za mwaka mzima ni kama milimita 570, zinakuja kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu inafunga. Ubao unavuta, hauna pa kwenda.

Mafundi wa fidla wa zamani, akina Stradivari wa Cremona, Italia, aliyefariki 1737 na waliomtangulia, walilijua hilo. Wakaunga kwa gundi ya ngozi ya mnyama, inayopashwa moto kwa maji bila kuchemka. Gundi hiyo inatosha kubeba kazi, lakini ni dhaifu kuliko mbao. Ukavu ukizidi, kiungo kinaachia kabla ubao haujapasuka. Kinafunguka, fundi anarudishia, maisha yanaendelea. Mimi kwa gundi yangu ya viti niliufunga mlango huo, na ubao ukatafuta pa kutokea pengine.

Kwa hiyo ukisikia mlio wa nzi, legeza nyuzi kidogo, funga kasha, tafuta mtu anayeijua gundi ya ngozi. Akikuletea ile gundi ya sekunde tatu, mshukuru, mpe maji ya kunywa, aende zake.

Sasa mtaniuliza, mwalimu, hili linamhusu vipi mtoto wa miaka tisa anayeanza kesho? Linamhusu kuliko upinde. Gitaa lina vyuma shingoni vinavyomwambia kidole mahali pa kukaa. Fidla haina. Mtoto anapapasa, sikio linamrekebisha, baada ya miezi kidole kinakumbuka. Nyuzi zake ni G, D, A na E, na A huwekwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde. Vigingi vikiteleza kila baada ya dakika tano, sikio linazoea sauti iliyopotoka na kidole kinajifunza kuifuata. Mzazi anasema mtoto hana kipaji. Nimewahi kumwambia mzazi mmoja: mama, mtoto ni mzima, mgonjwa ni kigingi.

Kigingi kinachoteleza kipake chaki ya kawaida ya shuleni, kidogo tu, na unapokizungusha kisukume kwa ndani. Kikikaza sana masika, kisugue sabuni kavu ya mche. Na kila unapokaza nyuzi, tazama daraja, kile kibao kinachoziinua nyuzi juu ya ubao. Daraja halikugandishwa, limesimamishwa tu na mkandamizo wa nyuzi, na hupenda kuinamia shingoni. Lirudishe wima kwa vidole viwili. Ndani kuna kijiti kinachosimama kati ya mbele na mgongo, nacho hakina gundi. Wafaransa hukiita roho. Ukivua nyuzi zote nne kwa pamoja ili usafishe, roho inaweza kuanguka, na kuirudisha ni kazi ya saa nzima kwa mwenye kifaa na subira. Badilisha uzi mmoja mmoja.

Unyevu je? Fidla inapenda kati ya asilimia 40 na 60. Kipimo chake si ghali, kiweke ndani ya kasha. Kwa kiangazi chetu chukua kisanduku cha plastiki cha sabuni, kitoboe matundu, weka sponji uliyoilowesha ukaikamua mpaka haidondoshi hata tone, funga, weka kwenye kona ya kasha, mbali na mbao. Kila siku mbili ilowe tena. Mvua zikianza, itoe! Kuna binti alisahau, Februari tukakuta ukungu kwenye kitambaa cha kasha.

Buti ya gari sitaiongelea sana. Mmeegesha magari Majengo saa nane mchana, mnajua ndani kunavyowaka. Vanishi inalainika, gundi inaachia. Kwenye basi la Singida fidla inakaa mapajani kama mtoto.

Upinde ulegeze kila ukimaliza. Nywele zake ni za mkia wa farasi, na kasha likifungwa miezi bila kufunguliwa wadudu wanazila. Kwa hiyo dawa ya wadudu na dawa ya vidole ni moja: fungua kasha kila siku. Dakika 15 za kila jioni zinamjenga mtoto kuliko saa mbili za Jumamosi. Mwezi wa kwanza apige nyuzi wazi tu, bila kuzibonyeza kwa kidole, upinde mrefu, taratibu, sambamba na daraja. Itakwaruza. Wavumilieni, hata sisi majirani zetu walituvumilia, wengine kwa shida. Akimaliza afute unga wa rozini, ule utomvu mkavu unaopakwa nywele za upinde, juu ya ubao kwa kitambaa kikavu. Msipake mafuta ya kung'arishia makabati, tafadhali.

Ukubwa nao: mtoto anyooshe mkono wa kushoto, kichwa cha fidla kifike kiganjani. Kikipita kiganja, ni kubwa, atafute ndogo zaidi, ya saizi ya robo au nusu. Asinunuliwe ya kukulia kama sare ya shule.

Mzee mmoja pale nyuma amenong'ona kwamba haya ni ya Wazungu. Mzee wangu, Ugogoni tunapiga zeze, nalo lina uzi na upinde. Hukwe Zawose alitoka mkoa huu na zeze lake akalipiga majukwaa ya dunia mpaka alipofariki 2003. Ngozi ya zeze nayo hukaza juani na kulegea mvua ikinyesha, na wapigaji wanalijua hilo bila mhadhara wangu. Mkono uliozoea zeze hauanzi na sifuri ukishika fidla.

Nilitaka sasa nionyeshe kushika upinde, lakini jua limeshafika dirisha la pili. Kijana uliyeegemeza kasha jeusi pale ukutani, lisogeze kwanza kivulini, ndipo upande huku na fidla yako.